Jiwe la Kerubo kutoka Barabara ya Warumi

Jumatatu, 4 Juni 2018
Juzi kanisani Alfayo alitoa ushuhuda wa safari yake ya Yerusalemu, ameinua kijiwe cha huko kama kombe. Kerubo wangu alikishika, hakutaka kukirudisha. Siku ya harusi nilimwahidi Yerusalemu. Tumefika Erdington, mtaa huu wa ughaibuni, tukaishia hapo.

Alfayo kaniuliza nitampeleka lini. Nikasema Mungu anajua. Akasema ni kweli, ila anayengoja ni Kerubo.

Jumatano, 6 Juni
Mungu ametenda. Mwenzangu kazini anasema kwenye bustani ya Sutton Park kuna barabara waliyojenga Warumi. Wale wale wa Pilato! Wale wale waliomfunga Paulo! Kumbe Yerusalemu iko basi moja tu kutoka hapa. Sabato hii ni siku ya kuzaliwa ya Kerubo. Atapata kijiwe chake.

Ijumaa, 8 Juni
Nimekwenda na mwiko wa ugali. Mbio, kabla Sabato haijaingia, maana kuchimba ni kazi. Barabara yenyewe imenivunja moyo: tuta la nyasi. Nikapiga magoti. Mzee Gurmeet, mlinzi wa bustani, akadhani nasali, akangoja kwa heshima nimalize. Kisha akauona mwiko.

Kasema hii ni kumbukumbu ya kale, inalindwa na sheria, hata kijiko hakiruhusiwi. Nikamweleza habari za Kerubo. Akasema kuchimba ni marufuku, kutembea hakuna aliyekataza. Nimlete mke wangu.

Nyumbani Kerubo kauliza mwiko wake una udongo wa wapi. Nikasema wa Warumi. Akaenda kuuosha.

Jumamosi, 9 Juni
Asubuhi nilimweleza yote. Alicheka mpaka akashika ubavu. Baada ya ibada tukaenda. Akavua viatu, ile miguu iliyovimba kwa zamu za usiku, akapanda tuta taratibu akiimba Kigusii. Katikati akanishika mkono.

"Baba Beverly, mimi Yerusalemu sikutaka mawe. Nilitaka twende wawili."

Tukaendelea kutembea.

Jumapili, 10 Juni
Nimeungama mbele za Bwana. Mipango nimeacha kabisa.

Ila pale bustanini kuna bwawa. Kibao cha kukataza kuchota maji sikukiona. Na Alfayo, pamoja na majivuno yake yote, hakuleta hata tone la Yordani. Nimeosha chupa. Kerubo ameiona, hakuuliza kitu. Anatafuta viatu.