Mafuta ya Cherehani kwenye Breki

Leo nimeaibika, tena msibani. Nawaandikia mwenyewe, ndugu zangu, kabla Neema hajawasimulia, maana binti yangu akisimulia jambo anatia chumvi mpaka haliliki tena mezani.

Mnanijua. Mimi si mtu wa kulia ovyo. Kule Kigoma nilimzika mume wangu na chakula cha waombolezaji nikapika kwa mikono yangu. Wanawake wanaoanza mayowe kwenye kona ya barabara, wakifika mlangoni wanajiangusha, wakishaketi wanauliza soda iko wapi, hao sijawahi kuwavumilia. Hapa Brussels nimeshawanyamazisha wawili. (Mmoja alikuwepo leo. Mungu hasahau.)

Mwezi wa kumi nilinunua baiskeli. Ile ya milimani, yenye matairi manene. Watu wakaniuliza, mlima uko wapi hapa? Nikawaambia mlima ni huu mtaa wetu wa Saint-Gilles wenyewe. Halafu kuna reli za tramu. Tairi jembamba likiingia mle unalala chini. Baridi ikija, majani yaliyooza yanalowa juu ya mawe ya barabarani, ndiyo kabisa. Na mimi nguo ninazoshona lazima ziwafikie wenyewe, iwe jua iwe theluji.

Tulikwenda watatu kwa fundi wa baiskeli kuukuu, nyuma ya stesheni ya Gare du Nord: mimi, Neema wa kunitafsiria, na rafiki yangu Josephine. Josephine ni mtu wa Lubumbashi. Tumeimba kwaya moja miaka kumi na minane, na kila Jumamosi, samedi kwao, nilikuwa nashinda kwake. Ndiye aliyenifundisha kupanda tramu. Siku hiyo alikuja kukaa kwenye kigoda na kucheka tu.

Nilichagua kwa makini. Ya kwanza ilikuwa ndefu, miguu haigusi chini. Ya pili ilikuwa na springi mbele na nyuma, inanesa kama kitanda cha gesti. Ya tatu, ya bluu, nikaikubali. Nikaagiza kiti kishushwe, yafungwe madigadi marefu, taa mbili, na keria ya mzigo. Fundi akasema baiskeli ya namna hiyo haiwekwi keria. Nikasema baiskeli isiyo na keria ni mchezo wa watoto. Akaweka.

Kisha akatoa masharti yake ya baridi. Matairi usiyajaze sana, tairi likilegea kidogo ndipo linashika barabara. Mnyororo uutie mafuta kila wiki kwa sababu ya chumvi wanayomwaga njiani. Na hizi sahani za chuma kwenye magurudumu ndizo za breki. Hizi usiziguse na mafuta. Hata kwa kidole usiziguse.

Neema alitafsiri vizuri yote. Siwezi kumsingizia.

"Mwambie," nikamjibu, "baba yangu alikuwa na baiskeli ya kubebea mihogo, na aliyeitunza ni mimi. Chuma kikipiga kelele kinaomba mafuta."

Josephine akacheka mpaka akashika ukuta. "Maman Neema, weye haujue kusikia muntu. Siku utafika kwangu na hii kinga bila kupiga makelele, nitakuita mécanicien." Kinga ndiyo baiskeli kwao, na mécanicien ni fundi.

Alisema hivyo mbele ya fundi, na fundi akacheka ingawa hakuelewa hata neno moja. Nikakasirika. Nikamwambia Josephine kwake sitakanyaga, si kwa baiskeli wala kwa miguu. Akadhani natania. Sikuwa natania. Mwezi wa kumi na moja alinipigia simu mara mbili. Niliitazama ikiita, nikaendelea kushona.

Jumatatu asubuhi Neema akaingia chumbani kwangu bila kubisha hodi. Josephine amefia usingizini. Moyo.

Leo ndiyo siku niliyopata nguvu ya kwenda. Nia yangu ilikuwa niingie kimya, nikae nyuma karibu na mlango, nimpe mkono Aline, bintiye wa pekee, kama ataupokea. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Aline alijua kuwa mama yake alipiga simu mara mbili. Nikakaanga maandazi ndoo nzima, maana msibani mtu haendi mikono mitupu. Tramu zimegoma. Neema yuko kazini. Basi, baiskeli.

Lakini breki zilikuwa zinapiga mluzi tangu mvua zianze. Nikajiuliza, nitafika kwenye msiba wa Josephine na mluzi? Baada ya yale aliyosema? Nikachukua mafuta ya cherehani. Nikatia matone kwenye ile sahani ya mbele, nikatia kwenye ya nyuma, nikapangusa kwa kitambaa mpaka zikang'aa. Nikazungusha gurudumu. Kimya. (Nilisema kwa sauti, peke yangu ukumbini: "Umeona sasa, Josephine?") Matairi nayo nikayajaza upepo yakawa mawe. Nikafunga ndoo kwenye keria kwa mpira.

Mwanzo njia ni tambarare. Saa tano asubuhi na anga la mawingu jeusi kama sufuria. Nilikwenda polepole nikijipanga maneno ya kumwambia Aline. Nikafika juu ya ule mteremko unaoshuka upande wa Gare du Midi. Nyumba ya Josephine iko chini kabisa. Nikaminya breki.

Ilikuwa kama kumkamua mbuzi aliyekauka. Nikaminya zote mbili. Baiskeli ikaongeza mwendo. Nikashusha miguu, viatu vikateleza juu ya majani. Kifuniko cha ndoo kikaruka, maandazi yakaanza kunifuata barabarani, mengine yakanipita.

Mlangoni kwa Josephine walisimama wanaume wenye makoti meusi, wanaongea taratibu kama watu wafanyavyo msibani. Nikapiga ukunga. Sijawahi kuusikia ukitoka kwangu tangu nizaliwe. "Mungu wangu nakufa! Nishikeni! Josephine, nakufa!" (Kwa nini nilimtaja Josephine sijui. Mlango wake ndio niliokuwa nautazama.)

Wanaume wanne wakanidaka. Baiskeli ikaendelea peke yake mpaka kwenye mifuko ya taka. Nikageuka kuitafuta ndoo. Hapo mwanamke mmoja akachungulia mlangoni akageukia ndani: "Maman Neema amefika. Mukuje muone vile anamulilia mwenzake."

Nyumba ikaripuka. Waliokuwa wametulia wakaanza upya. Nikabebwa, miguu haigusi sakafu, nikaketishwa kwenye godoro la wafiwa, nikafungwa kitenge kiunoni. Tonton Gaston, anayeongoza sala, akasema niachwe nilie, marehemu alikuwa dada yangu. Yule niliyewahi kumnyamazisha alikuwa ananipepea kwa kipande cha boksi, baridi yote hiyo, na machozi yanamtoka.

Ilinipasa niseme. Sikusema. Aline alikuwa ameshalaza kichwa begani kwangu.

Tonton Gaston akaniomba niseme neno juu ya marehemu. Nikasimama. Nikasema, "Josephine..." na mlango ukafunguliwa. Akaingia mmoja wa wale walionidaka, anajifuta vidole kwa karatasi, ana adabu zake zote.

"Pardon, Maman. Nilitaka nikutengenezee kinga yako. Ni nani alipakaa mafuta kwa frein? Haiwezi kusimama hata kidogo."

Boksi likaacha kupepea. Niliwaona wanawake wakirudi nyuma vichwani mwao, wakiupima ule ukunga wangu neno kwa neno.

"Ni mimi," nikasema. "Mafuta ya cherehani."

Aline akainua uso. "Donc, ulikuwa unalilia frein?"

"Ndiyo, mwanangu. Nilikuwa nalilia breki."

Nikaanza kufungua kitenge cha watu kiunoni, nirudishe, niondoke.

"Mama alisemaka utafika unapiga makelele," akasema. "Kila samedi alikuwa anakuangalia ku dirisha."

Kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka. Akacheka yeye, akacheka Tonton Gaston, ikacheka nyumba nzima ya msiba, na aliyecheka kupita wote ni yule wa boksi. Nilimwacha. Ilikuwa haki yake.

Hapo ndipo nilipolia. Kilio chenyewe. Ukunga wa breki ulishikwa na wanaume wanne, kilio changu hakikushikwa na mtu, maana walidhani nacheka pamoja nao. Aline tu ndiye aliyenishika mkono, na aliendelea kucheka huku ameushika.

Maandazi yaliyobaki kwenye ndoo yalikuwa kumi na moja. Tuligawana vipande. Nimerudi kwa miguu. Baiskeli Aline amekataa niiondoe. Ameiegemeza chini ya lile dirisha, anasema ikae pale, si imefika?

Sahani za breki hazitiwi mafuta. Fundi alisema kweli, na nitakwenda kumwambia hivyo mwenyewe. Lakini kunicheka, hapana, naomba asithubutu mtu. Mwenye ruhusa hiyo alikuwa mmoja tu, na tunamzika Jumamosi.