Simba Alikuliwa Mara Tisa

Habari iliingia mu telefone ya Orly saa tatu ya asubui, wakati mvua ilikuwa inapiga mabati ya ligablo ya Mama Alphonsine, kale kaduka kake ya kahawa na mandazi, na hakuna hata motard mumoja, mwenye kubeba batu na pikipiki sawa Orly, aliweza kutoka. Ilikuwa sauti ya Caleb, kijana ya Rwambuzi, mutaa ingine, mwenye majivuno mpaka anakohoa na majivuno.

"Bandugu ya Mbunya, mbote! Mu ile jeu ya pori, mimi nimelala usiku tatu bila kufa. Trois nuits! Kuanzia leo Simba ni mimi. Ule Simba yenu ananisikia, ao bado iko mu tumbo ya mbwa?"

Siye wote tukaangalia Orly. Orly akaangalia kahawa yake.

Acha niseme mbele: Orly njo tunaita Simba wa Mbunya. Ile jina alijipatia yeye mwenyewe, na iko imeandikwa ku garde-boue, ile bati ya kuzuia matope, ya nyuma ya pikipiki yake na rangi nyekundu. Mimi njo niliandika, juu kazi yangu ni kuandika ma enseigne, bibao ya maduka, batu bananiita Pinceau, ni kusema burashi ya rangi. Na ile simba nilichora pembeni haifanane na mbuzi. Benye kusema vile, macho yao haiko sawa.

Na ile jeu ni muchezo ya mu telefone, iko hivi: unajikuta mu pori ya baridi, mikono mitupu, jua iko inashuka. Banyama ya pori banakuja. Bakikukula, unaanza tena. Tangu lundi, siku ya jumatatu, Orly alikuwa amekufa mara nane.

"Tuhesabu vizuri," Préfet akasema. Jina yake ni Mathieu, alifundisha shule miaka makumi tatu, na mpaka leo anasahihisha hata batu benye kupita ku barabara. Akainua vidole. "Ya kwanza, mbwa ya pori. Ya pili, mbwa. Ya tatu, mbwa ileile, ilikuwa inakungojea. Ya ine, ours, ile dubu ya manyoya mingi..."

"Ile ni nguruwe yenye ilivaa koti," Muzee Osée, mufugaji wa ng'ombe, akasema.

"Muzee, acha nimalize. Ya tano, muto."

"Muto haikunikula, nilizama!" Orly akalia.

"Simba mwenye kuzama. Mungu wangu! Ya sita, ya saba, mbwa. Ya munane?"

"Njaa," Orly akajibu na sauti ya chini.

"Njaa! Mu pori yenye kujaa nyama! Nyama ikamukosa, njaa ikamupata!"

Tulicheka mpaka mandazi ya Muzee Osée ikaanguka mu kahawa. Orly akakasirika, akafungua jeu mbele yetu siye wote. Akatembea, akatembea, mara tukaona kitu nyeusi, pembe kubwa, iko inakula majani.

"Simama!" Muzee Osée akapiga fimbo chini. Yeye ng'ombe zake ziko upande ya Bule, na hakuna habari ya dunia yenye haimalize ku ng'ombe. "Ile ni ng'ombe."

"Muzee, ile ni nyati."

"Weye mutoto, mimi nilizaliwa mu harufu ya maziwa, njo unanifundisha ng'ombe? Angalia shingo yake. Iko na njaa ya chumvi. Mukaribie ku kushoto, polepole, umupigie mluzi."

Orly akatafuta butoni ya kupiga mluzi. Hakuna. Basi Muzee Osée akainama juu ya telefone, akapiga mluzi yeye mwenyewe, ule mluzi ya kuita ng'ombe jioni. Ile nyama ikainua kichwa.

"Munaona? Imenisikia!"

Imemusikia kweli. Ilikuja mbio, ikaweka Orly ku pembe, ikamutupa, ikamukanyaga, ikarudia kumukanyaga. Telefone ikakuwa nyekundu yote. Muzee Osée akafuta kinywa.

"Balimukamua vibaya," akasema. "Ng'ombe yenye kukamuliwa vibaya haina rafiki."

"Tisa! Neuf fois!" Préfet akasimama, na Préfet akisimama unajua kuko hukumu. "Orly, ukikuliwa mara ya kumi mbele ya jua ya mu telefone kutoka, jina ya Simba inatoka. Tutakuita Nyama. Pinceau atafuta na ataandika."

"Préfet, usicheze na mukate yangu!" Orly akalia. "Batu banapanda juu ya jina! Ku parking ya bapikipiki kuko Tonnerre, ile radi, kuko Sans Frein, mwenye hana breki. Nani atapanda pikipiki ya Nyama?"

"Ule mwenye njaa," nikasema. Aliniangalia vibaya, na alikuwa na haki.

Akaanza ya kumi. Hata dakika moja haikupita, ameokota jiwe na iko anatafuta mbwa ya kupiga. Hapo njo Mama Alphonsine alitoka ku makaa, akamunyanganya telefone na vidole ya unga.

"Leta hapa. Tangu lundi munapigia banyama makelele, mpaka baclient yangu banapita mbali."

"Mama, ile jeu unajua?" Orly akauliza.

"Jeu sijui. Pori najua. Nimetoka Bule na mbio ya vita mara mbili, mara ya pili na batoto tatu na sufuria moja. Mimi hakuna mutu alinionyesha butoni ya kuanza tena. Kutembea nafinya wapi?"

Orly akamuonyesha na kidole.

Mama akaanza kuokota kuni. Kuni, kuni, kuni.

"Mama, tafuta silaha!" Préfet akapiga kelele.

"Weye unalalaka na silaha? Mimi nalalaka na moto."

Akafika ku maji, akakunywa, akaondoka.

"Jenga hapa, Mama, maji iko karibu!" Préfet akasema tena.

"Ku maji kila mutu anakuja kukunywa. Hata ule mwenye atakukula."

Akapata sungura, akaichoma mbali, akakula yote, mifupa akaacha kulekule. Orly akashangaa: yeye kila usiku alilalaka na nyama mbichi mu mufuko. "Sasa unashangaa nini?" Mama akamuuliza. "Unavaa chakula ya mbwa, kisha unasema mbwa iko na wivu."

Ile nyati ikatokea tena. Muzee Osée akatayarisha mdomo.

"Muzee, ukipiga ule mluzi, kahawa utakunywa kwa Caleb."

Muzee akafunga mdomo. Mama akazunguka mbali sana, mpaka hatukuona tena hata pembe. Giza ikaingia mu telefone, Mama iko amekaa, mugongo ku jiwe kubwa, moto mbele. Mbwa zikakuja. Mbili. Ine. Macho tu, ziko zinazunguka.

"Piga! Piga, Mama!" tukalia siye wote.

"Nipige juu ya nini? Zimenifanya nini?" Akaongeza kuni moja. Akageuza mandazi mu mafuta. Akaongeza kuni ingine. Orly alikuwa ameshika kichwa na mikono mbili, anasali mu Lingala, sala ya kweli kabisa.

Jua ikatoka mu telefone. Ile kelele tulipiga, batu ya mutaa balizani mvua imevunja nyumba.

"Nimepona!" Orly akaruka. "Jina yangu inabaki!"

"Pole pole," Préfet akasema. "Vidole ilikuwa ya nani?"

"Telefone ni yangu!"

"Ng'ombe ikizaa, mutoto ni ya mwenye ng'ombe," Muzee Osée akamusaidia. "Haiko ya mwenye kushika kamba."

"Telefone haizae, Muzee. Simba ni Mama Alphonsine."

"Mimi? Ile jina sitaki," Mama akasema, akapangusa telefone na kitambaa. "Muliniona wapi nafanya usimba? Niliogopa tangu mwanzo mpaka asubui. Kama ni kuandika, muandike kile kiliokoa mutoto."

Préfet akafikiri, akainua kidole. "Kwa muoga kunaenda kicheko, kwa shujaa kunaenda kilio. Haukukuliwa mara ya kumi, basi hauko Nyama. Haukupigana, basi hauko Simba. Pinceau, andika: Muoga wa Mbunya."

Orly alikaribia kulia. "Pinceau, weye ni rafiki yangu."

Ni rafiki yangu kabisa. Lakini hukumu ni hukumu, na rangi nyekundu ilikuwa imebakia. Simba pembeni sikuifuta. Niliiongeza ndevu, ikatoka mbuzi muzuri sana.

Samedi, siku ya soko, nikaenda ku parking kumupa pole. Pikipiki zilipangwa: Tonnerre, Missile, Sans Frein, na ku mwisho, peke yake, Muoga, Orly amevuta kofia mpaka ku pua. Mama mumoja akakuja na mutoto ku mugongo. Akasoma Tonnerre, akapita. Akasoma Sans Frein, akafanya alama ya musalaba, akapita. Akapanda Muoga. Orly akarudi, mwingine akapanda. Kisha mwingine, na mayai. Saa ine, bamama balikuwa ku musururu, na Sans Frein iko amelala juu ya pikipiki yake.

Akatokea mama mumoja munene, na mufuko ya maharagi, anaenda Rwambuzi. Nikamutambua: mama ya Caleb.

"Mama, njoo huku!" Sans Frein akaita. "Ule ni Muoga!"

"Njo ule natafuta," akasema, akakaa vizuri nyuma ya Orly. "Simba niko naye mumoja ku nyumba. Tangu lundi ameshika telefone, hata kuchota maji anaogopa."