Koti la Pampu na Kandambili Zilizokatwa

Nyamazeni, enyi mlioketi na enyi mliosimama mlangoni! Mwenye kikohozi na akohoe sasa, maana yaja habari ya Fundi Cherehani, simba wa sindano, bwana wa futi na mkasi, aliyeingia vitani na pampu ya maji ya nyumbani kwake mwenyewe.

Pampu hiyo, jitu la chuma lenye moyo wa umeme, ilikaa uani juu ya zege, ubavu wake ukigusa ukuta wa jirani. Kila asubuhi na jioni ilipopandisha maji tangini ilinguruma hata vikombe vikacheza kabatini. Na nyuma ya ukuta ule palikuwa na kitanda cha Muuguzi wa zamu za usiku, mwanamke ambaye kwa mikono yake alimpokea duniani kitinda mimba wa Fundi. Alisema kwa upole, akasema kwa ukali, kisha akaikata salamu. Fundi akimwambia, "Habari za kazi, dada?" yeye huangalia kufuli la geti. Jambo hilo lilimuuma Fundi kuliko sindano iliyopita kidoleni.

Basi shujaa akainuka, akatwaa futi, akaipima pampu kifua na kiuno.

"Mama watoto, shuhudia!" akatangaza. "Leo namshonea adui koti, naye atanyamaza kama bwana harusi mbele ya wakwe!"

"Umempima na mikono?"

"Hana mikono."

"Afadhali, kitambaa kitatosha."

Akashona koti la blanketi kuukuu, lenye bitana na vifungo vya suti. Likakaa vizuri ajabu. Hajapata kutokea mteja aliyevaa bila kulalamika namna ile. Lakini pampu ilinguruma vilevile, ikapata joto, na koti likaanza kutoa moshi. Mama watoto akakimbilia swichi.

Dirisha la jirani likafunguka. "Sasa mmeamua kunichoma kabisa?" Likafungwa.

Shujaa akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, koti lililoungua likiwa mapajani, aibu imemjaa hadi masikioni. Ndipo mama watoto, mshauri wa majemadari, akashika kiuno na kunena:

"Ewe baba watoto! Cherehani yako inapiga kutwa nzima, mbona sakafu haitetemeki? Si uliiwekea raba miguuni? Na huyu ana miguu. Umemvalisha koti, kumbe anataka viatu!"

"Raba nitaitoa wapi?"

Mama watoto alitazama chini, kwenye kandambili za mumewe.

"Si hizi," akasema Fundi.

"Hizo hizo."

Enyi kandambili, mlioijua miguu yake kuliko yeye mwenyewe, nani atawalilia? Mkasi ukashuka. Fundi akalegeza bolti, akaisogeza pampu mbali na ukuta, akaweka kipande cha raba chini ya kila mguu, na kingine akakizungusha pale bomba lilipougusa ukuta. Akawasha huku amefumba macho. Pampu ikaguna kidogo tu, kama mtu anayejigeuza kitandani, na kabatini vikombe vikatulia.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, geti likagongwa. Alikuwa Muuguzi, nywele timtim, alama ya mto shavuni.

"Pampu yenu imekufa?"

"Iko hai, dada. Inafanya kazi hivi sasa."

Muuguzi akatega sikio, asiamini. "Basi mmeniponza. Nimelala mpaka nimepitiliza, na sare ya kazi haijapigwa pasi."

"Ilete. Pasi yangu iko moto."

Akaileta. Fundi akainyoosha hadi kola, huku akiipitia moyoni hotuba ndefu ya ushindi aliyoitunga mchana kutwa. Muuguzi alipoipokea alimtazama miguuni.

"Mbona uko peku, kaka?"

Kaka! Fundi akatafuta hotuba yake, hakuiona. "Joto tu, dada," akasema.

Tieni wino, enyi waandishi wa zama, mpate kuandika: hivyo ndivyo salamu ilivyokombolewa, na mkombozi wake akarudi ndani akirukaruka, kwa maana zege la uani lilikuwa bado la moto.