Kiatu Kimoja kwa Miguu Yote

Tangazo lilipita mji mzima kwa gari la vipaza sauti. Lilianzia Malindi asubuhi, likazunguka Ng'ambo yote, likaishia Mpendae sauti imeshakauka. Lilisema kwamba kuanzia siku hiyo mguu wa mtoto wa Unguja si wa mtoto peke yake, ni wa umma, na umma umeamua kuuvisha. Imeundwa Kamati ya Mguu wa Mtoto. Kamati itachagua kiatu kimoja chenye kudumu, chenye raha, kisichokuwa na kamba, na hicho ndo kitakuwa kiatu. Vilivyobaki havitakuwa viatu tena. Vitakuwa makosa.

Aliyeyaandika maneno hayo ni Bwana Shamsi Nahodha, Katibu wa Kamati, na siku hiyo alilifuata gari kwa baskeli kutoka Malindi mpaka Mpendae kusudi ayasikie. Kila walipofika kwenye "umma umeamua" alikuwa akifunga breki kidogo.

Usimcheke. Bwana Shamsi alikuwa na lake. Kabla ya Kamati kazi yake ilikuwa bandarini, kupokea magunia ya mbata, zile nazi kavu, na nguo zake zikanuka mbata hata siku ya Idi. Sasa aliahidiwa kwamba kiatu kikipita mbele ya Mheshimiwa Mmanga, mkubwa wa serikali aliyeiunda Kamati, yeye Shamsi atakuwa Mkurugenzi wa Nyayo: ofisi ya juu, dirisha la baharini, feni. Kisipopita, magunia yapo palepale yanamngoja. Mkewe alikwishawaambia majirani neno "mkurugenzi", na neno hilo likishatoka mdomoni mwa mke halirudi.

Juu ya suala la kamba hapakuwa na ubishi. Mtoto wa Unguja anavua viatu kutwa nzima. Avue mlangoni kwao, avue chuoni anakosoma Kurani, avue msikitini, avue kwa bibi yake, avue kwa jirani alikotumwa chumvi. Akifungua na kufunga kamba kila mlango, magharibi itamkuta hajasoma hata alifu. Kwa hivyo kiatu kiwe cha kutumbukiza mguu ukenda zako. Hapo Kamati ilisema kweli, na ni vyema tuitaje kweli hiyo, kwa kuwa ndo ilikuwa ya mwisho.

Katika nyaraka kiatu kiliitwa Kivazi cha Mguu Kisichofungwa. Mitaani walikiita tumbukiza.

Sampuli ilipoletwa, ya turubali la kijivu na soli ya mpira mnene kama kizibo cha pipa, Kamati ilianza na kudumu. Kiatu kiliwekwa juu ya meza ya mkutano, kikaachwa hapo kikao baada ya kikao, kikaangaliwa. Hakikuchanika. Hakikuachia soli. Mwenyekiti, Bwana Jecha, aliamuru iandikwe kwamba kwa muda wote kiliokaa mezani kiatu hakikuonesha dalili yoyote ya kuchakaa.

Halafu ikaja raha. Bwana Jecha alitia mkono ndani ya kiatu, akafumba macho, akauchezesha.

"Mkono wangu umeona raha," alisema.

Wajumbe walipiga makofi.

Bi Mwanakheri, mwalimu wa skuli, alikuwemo humo ndani kwa kuwawakilisha watoto, kwa vile watoto wenyewe hawakualikwa. Aliomba ruhusa ya kusema.

"Mwenyekiti, samahani. Tungemwita japo mtoto mmoja, akavaa, akakimbia hapo uani tukamwona."

Bwana Jecha alimtazama kwa huruma. "Bi Mwanakheri, mtoto ana maslahi yake. Mpe kiatu kipya, atakwambia kizuri, hata kama kinamtoa damu. Kamati haiwezi kufanya kazi na mashahidi wa namna hiyo."

"Basi tuzungumze nambari. Tunaagiza kuanzia ngapi mpaka ngapi?"

Hapo Bwana Shamsi alisimama. Usiku wa jana yake alikuwa hakulala kwa ajili ya swali hilo.

"Nambari," alisema, na akaliacha neno lining'inie kidogo. "Hizi nambari nani katuletea? Huyu nambari moja, huyu nambari tano. Huyu mdogo, huyu mkubwa. Sisi tushaondoa mabwana na watwana, leo twende tukawapange watoto wetu kwa vidole vya miguu?"

Hakuna aliyetaka kuonekana anatetea nambari.

"Lakini Bwana Shamsi," alisema Bi Mwanakheri, "miguu yenyewe ndo ilivyokuja. Mie kwangu nnao wanne, hakuna anayelingana na mwenziwe."

"Ndo maana serikali ikawepo, bibi. Kulinganisha."

"Na wakikua?"

"Watakua ndani ya utaratibu."

Bi Mwanakheri alivuta buibui lake vizuri. "Haya. Na kushoto na kulia je? Nako si kubaguana huko? Mguu mmoja umekwenda huku, mwengine umekwenda kule."

Alikuwa anamkejeli, masikini, lakini mkejeli mtu anayeandika uone. Bwana Shamsi aliliandika neno kwa neno, Kamati ikalipitisha, na mpaka leo imo katika kumbukumbu kwamba kiatu kisichokuwa na kushoto wala kulia kilipatikana kwa hoja ya mama. Kiatu kikatengenezwa kimenyooka kama mwiko. Saizi moja tu, ya mtoto wa miaka minane, kwa sababu hiyo ndo ilikuwa saizi ya sampuli na sampuli ilikuwa imeshapita.

Palibaki jambo la viatu vya zamani. Bwana Shamsi alijua kwamba mzazi ukimwachia makubadhi ya mtoto nyumbani, tumbukiza itawekwa kabatini ipigwe vumbi. Kwa hivyo akatunga amri ya kufungia kazi: siku ya uzinduzi, kiatu chochote kisichokuwa cha Kamati kitakachokutwa mlangoni kitakusanywa na kupelekwa kwenye tanuri la chokaa nje ya mji, bila ya kubagua. Hilo la "bila ya kubagua" aliliongeza mwisho, kwa utamu wake. Gari la vipaza sauti likatoka tena.

Kina mama wa mtaa wa Amani walilisikiliza neno kwa neno, maana gari lile likipita huwezi kujua leo linatoa au linachukua. Wakayatoa makubadhi na raba za watoto wao, wakazificha ndani ya mapipa ya mchele, ambayo miaka ile yalikuwa na nafasi. Siku ya uzinduzi watoto wakapelekwa peku.

Wakubwa hawakulisikiliza. Tangazo husikilizwa na wanaotangaziwa.

Uzinduzi ulifanywa katika skuli moja ya Amani. Ukumbi ulitandikwa majamvi kwa sababu shughuli ilianza kwa dua, na kwa sababu ya majamvi kila aliyeingia alivua mlangoni. Mheshimiwa Mmanga alivua viatu vyeusi vya ng'ambo, unajitazama ndani yake ukachana ndevu. Bwana Jecha alivua vyake. Maofisa walivua vyao, na Bwana Shamsi akavua vipya, alivyovinunua kwa ajili ya ukurugenzi. Vikapangika safu nzuri kizingitini, vyote vya watu wazima, maana wengine wote walikuja na nyayo zao tu.

Mlangoni alisimama Kurwa, mlinzi, mtu mzima mwenye masharubu na amri. Kurwa hakuwahi maisha yake kuuliza amri ina maana gani. Alivitazama vile viatu kimoja kimoja, akakuta hakuna hata kimoja cha turubali la kijivu. Ndani walipofika kwenye "amina" ya kwanza, yeye alikuwa ameshavitia katika gunia. Kwenye "amina" ya mwisho, lori lilikuwa limeshakata kona.

Mheshimiwa alitoka mlangoni akiwa anatabasamu, akatia mguu pale alipoviacha viatu, akakanyaga sakafu. Akautoa, akautia tena pembeni kidogo.

"Viatu vyangu viko wapi?"

"Vinachomwa, Mheshimiwa," alisema Kurwa, na akasimama wima.

"Vinafanywa nini?"

"Amri imesema bila ya kubagua. Sikubagua."

Mheshimiwa akamgeukia Bwana Jecha. Bwana Jecha akamgeukia Bwana Shamsi. Bwana Shamsi akageuka nyuma, pakawa na ukuta.

"Aliyeitunga ni Katibu," alisema Bwana Jecha. "Mie mkono wangu ulikuwa ndani ya kiatu."

Sasa ujue kwamba kilichofuata katika ratiba ni matembezi. Wakubwa watembee pamoja na watoto kutoka skuli mpaka uwanjani, saa sita ya mchana, na magari yametangulia huko kuwangoja. Njia ni changarawe na mawe ya matumbawe yenye meno, na ikiisha changarawe inaanza lami, na lami saa hiyo inapika. Watu wamejaa pande zote mbili za njia. Mtangazaji wa redio anangoja na mashine yake.

"Wee Katibu," alisema Mheshimiwa kwa sauti ndogo, "hivyo vyenu, kikubwa kabisa nambari ngapi?"

"Mheshimiwa, nambari tumezifuta."

"Nnakuuliza kikubwa kabisa."

"Kikubwa kabisa ndo hichohicho kidogo kabisa."

Mheshimiwa alitazama njia. Kisha akanyoosha mkono, akapewa tumbukiza mbili. Vidole viliingia. Unyayo ulikataa. Kisigino kilibaki nje kwa nyuma, cheupe, hakijapata kuona jua tangu kipandishwe cheo. Maofisa nao, kwa kumwona mkubwa wao kavaa, wakavaa wote. Matembezi yakaanza.

Watoto, tumbukiza zao bado hazijagawiwa, walipita juu ya changarawe peku kama wanapita juu ya jamvi, maana nyayo zao zilikuwa na uzoefu. Wakubwa walikwenda kwa ncha za vidole, hatua fupifupi, mikono imetanuliwa, kama kuku wanaovuka tope. Bi Mwatima, mkaanga mihogo wa njia ya uwanjani, aliliacha karai lake akasogea mbele.

"Shikamoo bibi," alisema Mheshimiwa, akapata nafasi ya kusimama.

"Marahaba, baba. Mbona mnakwenda hivyo, mmetoka jandoni?"

Watu walipasuka. Mtangazaji wa redio, kijana wa watu, akaona mambo yanakwenda upogo, akawahi kumpelekea Mheshimiwa kipaza sauti mdomoni.

"Mheshimiwa, wananchi wanataka kujua. Viatu vikoje?"

Mheshimiwa alimtazama Shamsi, na Shamsi akaona magunia ya mbata yamepangwa mpaka darini. Lakini mwanasiasa ni mwanasiasa.

"Raha tupu," alisema Mheshimiwa, huku damu ikichuruzika kisiginoni. "Vya kwetu tumeviacha kwa hiari. Hivi ndivyo viatu. Mtu mzima anavaa, mtoto anavaa."

Kisiwa kizima kilisikia, kutoka Makunduchi mpaka Nungwi. Na waliokuwa juu ya Mheshimiwa walisikia pia, wakafanya hesabu yao ya kiserikali. Kama mtu mzima anavaa, kwa nini tunahangaika kutoa vibali vya kuagiza viatu vya watu wazima? Haikwisha wiki ikatoka amri: vibali vya viatu vya maofisa vimefutwa. Shehena nzima ya Kivazi cha Mguu Kisichofungwa igawiwe maofisini, na kila ofisa avae kuanzia anapoingia kazini mpaka anapotoka. Watoto, kwa kuwa hapakubaki pea hata moja ya kuwapa, waendelee na makosa yao.

Bwana Shamsi alipata ukurugenzi, maana kiatu kilipita. Hakuna aliyethubutu kusema hakikupita.

Siku yake ya kwanza alifika mapema, akaitazama ofisi yake kwa chini. Dirisha lilikuwa wazi na feni aliiona inazunguka. Tumbukiza alikuwa nazo mkononi, na alikuwa ameshakwea ngazi moja peku, Kurwa alipomkingia mkono mlangoni.

"Vivae, Mkurugenzi."

"Kurwa, ndugu yangu, hapa kuna mimi na wewe tu."

"Amri imesema miguuni. Mkononi haikusema."

"Lakini amri hiyo mwenzio mie—"

"Bila ya kubagua, Mkurugenzi."

Bwana Shamsi akakaa kizingitini, akaanza kutia vidole, kimoja kimoja, ametoa ulimi nje. Alipoinua kichwa kuvuta pumzi, nyuma yake palikuwa pameshapangwa foleni. Bwana Jecha alikuwemo. Maofisa wote walikuwemo, tumbukiza mikononi, kila mmoja anangoja mwenziwe amalize kuingia. Na mwisho kabisa wa foleni, kwenye jua, Mheshimiwa Mmanga, mguu mmoja juu, anawapisha watoto waliokuwa wanakwenda skuli na makubadhi yao.