Farasi Aliyegeuzwa Mbuta

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimepata kazi ya kushona! Kaltum, binti wa Abdinasir wa duka la vitambaa hapa Migori, atampanda farasi wao Sultani kwenye gwaride la mashindano ya mavazi Homa Bay, Jumamosi. Nimependekeza farasi awe mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, yeye awe mvuvi. Amecheka, akakubali. Fundi Fanuel wa kibanda cha pili anamshonea punda wake vazi la pundamilia. Masikini, hana ubunifu.

Jumanne, 5 Agosti
Kaltum kaja na masharti. Macho na masikio ya farasi yasizibwe. Nguo isiburute. Vifungo viachie vikivutwa. Yeye naye lazima avae helmeti. Helmeti! Mvuvi gani huyo? Nimeitikia yote. Moyoni nimekataa.

Jumatano, 6 Agosti
Magamba nimeshona kwa pakiti za krispi. Yanang'aa vibaya! Kichwa cha mbuta nimeunda kwa fito, kinafunika uso wote. Nimefunga kwa waya. Liz, mke wangu, akauliza farasi ataona wapi. Nikamwambia hajui sanaa. Akanivika mimi hicho kichwa. Nikagonga mlango, nikakanyaga beseni, nikaangukia cherehani. Ni wazi beseni liliwekwa vibaya.

Alhamisi, 7 Agosti
Majaribio. Pakiti zilipochakarika tu, Sultani akaruka, akapita mboga za mama mmoja, akatokomea na mkia wa samaki. Bahati Kaltum alikuwa hajapanda. Alimkuta karibu na mto, anatetemeka, waya umemkwaruza shingo. Akamkumbatia, akaniangalia.

"Fundi Cephas, na kama ningekuwa juu?"

Chakula kimenishinda.

Ijumaa, 8 Agosti
Liz kachukua kazi bila kuniuliza. Pamba nyepesi, magamba ya rangi, velkro inayobanduka ikivutwa badala ya waya, kichwa cha mbuta kifuani pa farasi. Kaltum alimwacha Sultani anuse kitambaa kwanza, akamwekea mgongoni kidogo kidogo. Hakushtuka. Nilishikilia sindano tu. Lakini kofia ya ukindu juu ya helmeti ni yangu! Kaltum ameipenda. Amenisamehe, nadhani.

Jumamosi, 9 Agosti
Homa Bay! Watu kibao. Katikati ya gwaride punda wa Fanuel akauma pindo la vazi letu, akavuta. Nikafumba macho. Trrr! Velkro ikaachia, vazi lote chini. Sultani akaendelea kutembea kama hakuna kitu, Kaltum juu yake, mzima. Mtu akapaza sauti kwamba mbuta ameparwa magamba. Umati ukashangilia. Tumekuwa wa kwanza! Liz akalia kidogo. Mimi pia, ila vumbi lilikuwa jingi.

Jumapili, 10 Agosti
Nimewaeleza watu kanisani jinsi nilivyobuni vazi linalojivua lenyewe. Liz amenitazama kwa muda mrefu sana. Wivu, labda. Baada ya ibada nimekutana na Elkana wa Uriri. Anaoa mwezi ujao, anataka kufika akiwa juu ya fahali. Nimemshauri fahali awe gari moshi. Moshi wa kweli! Jiko la makaa litakaa mgongoni.