Jiwe la Asiya na Kuyumba kwa Dunia

Jumatatu, 3 Juni

Khadidja, mdogo wa marehemu mke wangu Asiya, amekuja na ombi. Binti yake Houda anaolewa Jumamosi. Anataka viungo vya pilau visagwe kwenye jiwe la Asiya, si kwa mashine. Nikakubali kabla hajamaliza.

Tatizo dogo: jiwe liko Gatumba, jikoni mwa nyumba yetu ya zamani. Tangu mafuriko, ziwa nalo limo jikoni.

Mumewe Rachidi, mwanyumba wangu, akacheka, akasema atakodi mtumbwi. Apana! Jiwe la mke wangu nitalileta mimi, kwa miguu yangu, na viatu vikavu. Niliapa mbele ya wote.

Sijui kwa nini nilitaja viatu.

Jumanne, 4 Juni

Nimeokoka! Nilikuwa naziba pancha ya baiskeli ya Léonce, mwalimu wa jiografia hapa Musaga. Nilimwuliza maji yatapungua lini, akanipa somo zima. Dunia huzunguka huku ikiyumba polepole, kama pia ya watoto iliyochoka. Ikiyumba, nguvu ya jua hubadilika, na mvua huhama. Ndivyo Sahara ilivyowahi kuwa na maziwa na viboko, na watu wakavua samaki palipo mchanga leo. Mvua zilipoondoka, nao wakaondoka. Mawe yao ya kusagia yalikuwa mazito, wakayaacha, mengine yakiwa kifudifudi, ili wakirudi wayakute safi.

Hapo niliacha pancha. Asubuhi tuliyohama, Asiya alirudi ndani, maji magotini, akaligeuza jiwe kifudifudi. Akasema tutarudi, na hataki kukuta mavi ya bata juu yake.

Nikamwuliza Léonce huko kuyumba huchukua muda gani. Akasema miaka elfu ishirini na zaidi. Sawa. Lakini hakusema ilianza lini! Huenda zimebaki siku tatu.

Alhamisi, 6 Juni

Jana nilichomeka kijiti Gatumba, ukingoni mwa maji. Leo nimekikuta nchi kavu! Nikaenda moja kwa moja Jabe, dukani kwa Rachidi, kumtangazia kuwa dunia imeyumba. Akauliza kama ni dunia au ni mimi. Wateja wakacheka. Akasema mtumbwi bado upo. Nikamjibu kwamba watu wa Sahara hawakungoja mitumbwi ya kukodi. Akasema ndiyo maana mawe yao bado yako huko.

Jibu zuri lilinijia njiani. Nimelisahau.

Ijumaa, 7 Juni

Kijiti! Fortunat mvuvi alikichomoa akafungia mtumbwi wake, kisha akakirudisha popote. Maji hayajasogea hata kidogo.

Akanihurumia. Akasema nipande, tulitoe jiwe kupitia dirishani, ni kazi ndogo tu. Nilisema naogopa maji. Si kweli. Jiwe likitolewa kwa mtumbwi, basi hatukurudi. Tumehama tu.

Kesho nitamwambia Khadidja kuwa nimeshindwa.

Jumamosi, 8 Juni

Nilifika alfajiri na maneno ya kuomba radhi tayari mdomoni. Kabla ya kubisha hodi, nikasikia jiwe likisaga. Lile lile. Kila likifika kwenye ufa huguna kidogo, kama Asiya aliponiona nimechelewa.

Houda alinivuta pembeni, mikono yote hina. Jana, mi nilipoondoka tu ukingoni, aliwatoroka wanawake waliomlinda, akapanda mtumbwi wa Fortunat, akalitoa jiwe dirishani. Akasema ameshawaambia watu kwamba Baba Mkubwa ndiye aliyelileta, kwa miguu, kama alivyoahidi. Viatu vyake vya arusi vilikuwa vimeanikwa ukutani.

Rachidi alivitazama viatu vyangu kwa muda mrefu. Vikavu kabisa!

Pilau lilikuwa lile lile la Asiya. Nilikula sahani mbili, nikasema pilipili ndiyo iliyonitoa machozi.

Jumapili, 9 Juni

Khadidja akasema jiwe sasa ni langu, nilipeleke nyumbani. Nikalifunga kwenye baiskeli. Musaga ni kusini. Nilijikuta Gatumba, upande wa pili.

Fortunat alisukuma mtumbwi majini. Akanipeleka hadi dirishani, nikalishusha jikoni, mahali pake. Kifudifudi.

Nikarudi kumwambia Houda asiwe na wasiwasi: viungo vya pilau la mtoto wake wa kwanza vitasagwa kwenye jiwe hilo, na nitalileta kwa miguu. Akaketi chini kwa kucheka. Akauliza viatu avianike tangu sasa?

Acheke. Nimechomeka kijiti kipya. Hiki ni kinene, hakuna atakayeweza kukichomoa.