Mkwe wa Pili wa Alaso

Muzafaru hakuwa mwizi, tusimsingizie. Mwizi huvunja mlango. Muzafaru alifunguliwa, akakaribishwa chai, kisha akaondoka na sukari, na miaka ile ya utawala wa jeshi sukari ilikuwa mali. Kazi yake ya halali ilikuwa kuwaandikia watu barua kwenye baraza ya mahakama ya Tororo, kwa mwandiko mzuri ambao mji mzima uliutambua.

Ijumaa moja kiwanda cha magunia kilipunguza wafanyakazi arobaini. Muzafaru alimwona mmoja wao, Elungat, akivuka barabara huku amekibana kifua kwa mkono, kama mwenye kichomi. Kichomi cha Ijumaa huwa ni pesa. Akafunika kalamu yake na kusimama.

Mambo ya Elungat aliyajua vizuri, maana barua yake ya kuomba nafuu aliiandika yeye. Wadai wanne, zimebaki elfu tatu, mahakama imemruhusu alipe hamsini hamsini kila mwezi. Sharti ni moja: fedha yoyote isiyo mshahara aionyeshe kwa karani ndani ya siku saba. Akificha, mabati ya nyumba yake yatang'olewa na kupigwa mnada.

"Pole kwa kazi, ndugu yangu. Wamekupa kiinua mgongo?"

"Elfu tatu. Wiki ijayo napeleka kwa karani."

"Yote?"

"Karatasi nasema hivyo."

"Karatasi niliiandika mimi, usinisomee. Ukimpa karani yote, kesho yake utakula nini? Hiyo karatasi?"

Muzafaru akamsogelea na kumweleza kwa upole wa daktari kwamba pesa ya Uganda ilikuwa ikiyeyuka kama sabuni ndani ya beseni. Huko Busia, upande wa Kenya, alikuwako mama mmoja, Zubaida, mbadilishaji fedha mwaminifu. Zikivuka, zitakuwa shilingi za Kenya, na jicho la karani halivuki mpaka.

"Na mabati yangu?"

"Nani atasema? Mimi?"

Jumatatu Elungat alirudi, macho chini. Amekubali. Ila pesa haikuwa kwake. Mkewe, Amuge, alikuwa ameipeleka kijijini Molo kwa mama yake, Alaso.

"Kwa nini kwa mkwe?"

"Kwangu pombe nakunywa yote. Kwa mkwe mimi siwezi kuingia, heshima. Lakini Toto hapana kupa mtu wa nje. Napa ndugu yangu tu."

Toto ni mama kwa Kiteso. Muzafaru hakufikiri hata kidogo. "Basi mimi ni ndugu yako. Mama mmoja, baba wawili. Wangu alikuwa Mwislamu."

Alifika Molo amevaa suti ya Kaunda na uso wa msibani. Hakuwa amepiga hesabu ya jambo moja. Ndugu wa Elungat ni mkwe wa Alaso, na mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Amuge alimkalisha kwenye kigoda, mgongo kwa nyumba, na Alaso akazungumza kutoka nyuma ya ukuta. Mzee Otai, mkuu wa kijiji, aliketi pembeni kama shahidi.

Furushi lililetwa, nene, limeshonwa kwa uzi wa gunia. Vidole vya Muzafaru vikawasha.

"Nifungue nihesabu kidogo?"

"Mbele ya mkweo?" Amuge aliuliza, na nyuma ya ukuta mtu akakohoa.

Mzee Otai akatikisa kichwa kwa huzuni. Muzafaru akaomba radhi.

"Toto nasema andika hapa," Amuge akasema, akimpa daftari. "Wewe ni ndugu ya Elungat, umechukua elfu tatu ya kulipa wadai."

Akaandika kwa madaha, jina kamili na saini. Karatasi haikuwahi kumdhuru Muzafaru. Siku zote yeye ndiye aliyewadhuru watu kwa karatasi.

Saa kumi alikuwa amevuka Busia kwa njia za panya. Zubaida akakata uzi kwa wembe. Juu kulikuwa na noti moja ya shilingi kumi. Chini yake kulikuwa na magazeti ya serikali, yamekatwa vizuri kwa kipimo cha noti.

"Hii kumi nikubadilishie," Zubaida akauliza, "ama ni ya nauli?"

"Ya nauli," Muzafaru akajibu.

Aliporudi barazani alikuta Ofumbi, karani wa mahakama, akimsubiri na daftari la Molo mkononi. Mlangoni askari mmoja wa jeshi aliegemea bunduki, hana kazi, na askari asiye na kazi miaka ile alikuwa wa kuogopwa.

"Mwandiko huu naujua," Ofumbi akasema. "Wewe ni ndugu yake, au ulidanganya ili uchukue pesa za watu?"

Muzafaru alimtazama askari. "Ndugu yangu. Mama mmoja. Lakini furushi lilikuwa magazeti, bwana."

"Ulihesabu?"

"Ningehesabuje, mkwe wangu alikuwepo."

"Basi wadai sasa watakudai wewe."

Ukweli ni kwamba Ijumaa ile Elungat alikwenda nyumbani, akayatazama mabati yake, akaogopa sana, na kumweleza mkewe kila neno. Furushi alilishona Amuge, na daftari akalipeleka kwa karani. Elfu tatu zenyewe zilikuwa zimeshakuwa maksai wawili na jembe la plau, kwa jina la Alaso.

Alhamisi Muzafaru aliketi mezani kwake akijiandikia barua ya kuomba nafuu: hamsini hamsini kila mwezi, miezi sitini. Elungat akasimama mbele yake.

"Ndugu, Toto nasalimia wewe. Nasema mkwe akichukua kitu kwake, desturi ni kuleta mbuzi."

Muzafaru aliinua macho. Dirishani Ofumbi alikuwa akisikiliza. Mlangoni askari alikuwa bado hana kazi.

"Anataka dume," akauliza taratibu, "au jike?"